Kocha Amenitoa kwa Sababu ya Macho

Alhamisi, Julai 2007. Kitengela. Baridi asubuhi, vumbi mchana, na mimi nimekasirika tangu jana.

Kocha Mutiso amenitoa kwa pambano la ngumi la Jumamosi kule Kajiado. Kilo sitini kamili, nimezifikia. Nimelala njaa ndio nizifikie. Halafu nafasi yangu amempa Abdi, muuza mbuzi, ambaye nikimgusa sawasawa kwa mazoezi anakaa chini.

Sababu? Eti nikipiga nafumba macho.

Watu wote wa machimbo hufumba. Ukigonga jiwe macho wazi, kipande kinakuingia. Nimechonga mawe tangu nitoke shule. Leo niko na machimbo yangu na wafanyakazi wangu, na bado nashika nyundo mwenyewe. Hakuna mtu alinishika mkono. Sasa niambiwe sioni?

Jana nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya watu. Akavaa pedi ya kupokelea ngumi mkono mmoja, ule mwingine akauinua. "Piga. Ngumi ikifika, uniambie ni vidole vingapi."

Nikapiga. "Viwili!"

"Vinne. Rudia."

Nikapiga tena. "Vitatu!"

"Sikuinua hata kimoja."

Ukumbi wote ukacheka. Abdi akapaza sauti, "Na huyu ndiye hupima mawe ya lori kwa macho! Wateja wamekwisha, bana!"

Mutiso hakucheka. Huyo mzee sijawahi kumsikia akijisifu kwa bondia aliyeshinda. Anajisifu kwa wale walioacha ngumi na bado wanakumbuka majina ya watoto wao.

"Mimi sifundishi kupiga," akaniambia. "Kupiga mlikuja mkijua. Nafundisha kurudi nyumbani. Ukifumba macho, ile ngumi inayokuja utaiona saa ngapi? Na mamako nitamwambia nini?"

Nikavua glavu nikaondoka. Sikuaga mtu.

Leo mchana nikampigia simu kocha mwingine, wa Kware kule Rongai. Nikamwambia nataka kupigana. "Njoo hata kesho," akasema, "Jumapili nakuweka ulingoni." Hakuuliza uzito wangu. Hakuuliza napigana vipi.

Nilipaswa kufurahi.

Lakini mimi ni mtu wa kuuza mawe. Mnunuzi akichukua lori zima bila kukagua hata jiwe moja, najua kwa hiyo nyumba anayojenga hatalala yeye mwenyewe.

Nimekaa na hilo jambo mpaka jioni. Sijamsamehe Mutiso. Aliniaibisha, angeweza kuniita kando. Hata hivyo nimempigia simu.

"Kocha, Jumamosi tunaondoka saa ngapi?"

"Saa moja. Utambebea Abdi ndoo na taulo. Na hiyo nyundo, kuanzia kesho waachie wafanyakazi wako."

"Sawa, Kocha."

Mdomo umesema sawa. Roho itafuata ikitaka.