Hakuna Anayeniuliza Naondoka Lini

4 Machi

Kitindamimba wangu,

Pokea salamu, nyingi kuliko mizigo uliyonifungia. Hujambo? Mguu ulioteguka umepona? Mimi mzima, ni goti tu linalalamika kwenye ngazi.

Najua ungependa nipige simu, lakini simu zako hukatika kila nikifika penye neno. Nimepanga barua posta miaka thelathini na moja, acha nikuandikie.

Hapa ni pasafi. Wazee wanaotunzwa hapa wanakaa chini, wageni wa siku mbili tatu wanalala juu, na sote tunakula ukumbi mmoja. Nimewekwa juu, dirisha linatazama kamba za kuanikia shuka. Leo asubuhi mhudumu wa mezani kaniuliza, "Mama, mayai ya kukaanga au ya kuchemsha?" Sijajibu, muuguzi akaniwekea kikombe cha vidonge mbele yangu.

"Huyu ni wangu," muuguzi akasema.

"Wa juu wote ni wangu," mhudumu akajibu.

Wakanitazama kama kifurushi chenye anwani mbili. Mayai nimekula, vidonge nimemeza, maana ni vile vile vyangu vya presha. Sijui tu nani kawaambia.

Fundi wa paa la nyumba yangu amefika wapi? Mkumbushe kwamba tulikubaliana wiki mbili.

Mama yako

9 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Goti lipake dawa ile ya kijani, usilionee haya. Mguu wangu umepona, nimerudi kazini. Jana mwanafunzi kaparamia ukuta na gari la chuo cha udereva, kisha akaniuliza kama amefaulu.

Habari ya muuguzi isikusumbue, ni utaratibu wao. Fundi anasema mbao zimechelewa, na mafundi unawajua, kesho yao haina tarehe. Wewe pumzika, kula, zungumza na wenzako. Nikipata nafasi nitakuja.

Mwanao

21 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Mwili wangu haujambo, kichwa ndicho sikielewi.

Wiki mbili zimepita, na siku tatu juu yake. Umeandika "wenzako". Wenzangu akina nani? Nimeisoma barua yako mpaka imechanika kwenye mkunjo.

Jirani yangu mezani ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu nadhifu, tai kila siku. Tulipojuana aliniambia yeye ni mgeni, anaondoka Ijumaa. Nikafurahi kupata mpita njia mwenzangu. Ijumaa akaja na sanduku, akaketi mapokezi mpaka saa sita mchana, ndipo muuguzi akamwambia, "Gari limechelewa, Mwalimu, twende tukale." Ijumaa iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Nikamuuliza mhudumu. "Mwalimu? Huu mwaka wake wa nne, Mama." Nilicheka, Mungu anisamehe. Halafu chakula kikanishinda.

Tangu hapo nasikiliza sana. Wageni huulizwa wanaondoka lini. Wazee huulizwa wamelalaje. Mimi naulizwa nimelalaje na nataka mayai gani, ila hakuna anayeniuliza naondoka lini. Nikimwambia binti wa mapokezi kwamba narudi kwangu fundi akimaliza, ananitazama kwa upole ule ule anaomtazamia Mwalimu. Heri angenifokea.

Niambie bila kuzunguka. Nimekuja kupita au nimekuja kukaa? Nyumba yangu ipo?

Mama yako

6 Aprili

Mama,

Shikamoo. Hujambo? Barua hii nimeianza mara nne, ndiyo maana imechelewa.

Hakuna fundi. Paa halijawahi kuvuja. Nyumba ipo, na funguo ninazo mimi.

Mwezi wa kwanza uliacha jiko linawaka ukaenda dukani. Mwezi wa pili uliliacha tena, na safari hii pazia lilishika moto. Jirani alikuta mlango umefungwa, akavunja dirisha akaingia kuuzima. Wewe ulikuwa umekaa barazani, ukamwambia jiko hilo si lako. Kesho yake hukuligusia, nami nikashindwa kuanza.

Siku niliyokuleta, mapokezi walinipa fomu mbili nichague, ya mgeni na ya mkazi. Nilishika kalamu mpaka yule binti akaanza kuwahudumia watu wengine. Mwishowe nikajaza zote mbili. Ya mgeni kwa sababu nilikuwa nimekuahidi, ya mkazi kwa sababu naogopa. Ndiyo maana wanakugombania. Waliochanganyikiwa si wao, Mama, ni mimi. Kutwa nafundisha watu kwamba kwenye njia panda husimami katikati, na mimi nimesimama hapo mwezi mzima.

Ukisema nikurudishe, nitakurudisha. Usingizi ndio sitaupata.

Kitindamimba wako

10 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Goti lipo, na mimi nipo.

Nimekasirika, na nataka ulijue hilo kwanza. Nilikulea useme kweli hata sahani ikivunjika. Siku mbili sikuteremka kula.

Jiko la mwezi wa kwanza nalikumbuka. Chumvi iliisha, nikaenda kununua, nikarudi mbio. La mwezi wa pili silikumbuki. Pazia silikumbuki, jirani simkumbuki, baraza siikumbuki. Nimetafuta siku nzima na sijaona kitu. Sasa sijui nikukasirikie wewe uliyenificha, au nimwogope huyo mwanamke aliyesema jiko si lake.

Leo nimekwenda mapokezi nikaomba fomu zote mbili. Ya mgeni nimeichana. Ya mkazi ina sahihi yako, kwa hiyo nimeomba nyingine niweke yangu. Bado sijaiweka. Nataka kwanza nikalale nyumbani usiku mmoja, nikijua kwamba naaga. Uliniondoa kama mtu anayekwenda sokoni. Sikumuaga jirani, sikukiaga chumba nilichokuzalia.

Njoo Jumamosi na funguo. Kufungua nitafungua mimi, na kufunga nitafunga mimi. Maneno ya kunituliza yaache huko huko. Na ukinikuta nimesahau kwamba nilikuita, usibishane nami. Nisomee barua hii, kisha nipe niishike. Mwandiko wangu nitaujua.

Mama yako