Usiache Kula kwa Sababu Yangu

Nsimire,

Nimekwenda sokoni Kabanga kutafuta mayai. Leo usibebe ndoo. Asubuhi ulipoanguka bombani, Arielle alilia akidhani mama yake amekufa. Muuguzi aliyekupima amesema wiki tatu za kabichi na chai kavu ni kujimaliza.

Maharage yameiva, yako jikoni. Kama bado unataka kupungua, nusu ya sahani iwe mboga, robo maharage, robo ugali. Mafuta kijiko kimoja. Utapungua taratibu.

~~Ukikataa nampigia mama yako.~~

Hapana. Najua ulianza kujinyima siku ile niliposema mbele ya wageni kwamba kiti kitavunjika ukikikalia. Walicheka, wewe ukasogeza sahani yako kando.

Jumapili nitakuomba radhi mbele yao hao hao. Leo kula kwanza.

Baba Arielle