Nilitia maji kwenye pombe yake, bado ananipiga

Shikamoo Shangazi Beatha, naomba unisaidie maana sina wa kumwambia. Nina miaka kumi na saba, nasoma huku Mlalo, mama yangu anatengeneza dengelua, ile pombe ya miwa, na mimi ndiye ninayechuja na kuuza nikitoka shule, hapo ndipo nilipozoeana na Justin, ana miaka kumi na tisa, huja kumkamulia mama miwa na mama anampenda, anamwita mwanangu. Akiwa mzima ni mpole ila akilewa ananipiga, mara nimecheka na mteja, mara nimeficha simu, kesho yake anasema siyo yeye ni pombe, nami nikaamini, nikawa natia maji kwenye kikombe chake kwa siri ili asilewe, na mimi mwenyewe nikaanza kuonja ile kali ili nisimwogope akija. Juzi pombe haikuiva, hakuna aliyekunywa, lakini alinizaba kibao kwa kuwa nilimsalimia kaka anayenunua kabichi. Sasa amepata kazi Magoma, anataka Jumamosi tuondoke wote, anasema kule ataacha pombe, nikikataa atamwambia mama kuwa tuna uhusiano. Nguo nimeshafungasha shangazi, niende nisiende?

Raheli (siyo jina langu), Mlalo

Marahaba mwanangu. Rudisha kwanza hizo nguo, kisha endelea kusoma.

Jibu umeliandika mwenyewe. Siku pombe haikuiva, kibao ulikipata vilevile. Pombe inamwongezea Justin ukali na kumpa kisingizio cha kesho yake, lakini mkono ni wake, na atakwenda nao Magoma, ambako huna mama wala jirani wa kumwita. Pole sana. Hukustahili hata kofi moja.

Ila na wewe nakugombeza. Unaonja kali ili usimwogope? Mtu anayekutisha unamkimbia, humnywei pombe! Acha leo.

Mwambie mama kabla Justin hajamwambia. Atafoka, mwache afoke, akitulia muonyeshe alipokupiga. Na wewe mama, ukisomewa haya, mtoto wa shule hauzi pombe. Tafuta mwingine wa kuchuja. Mwalimu wa malezi naye aambiwe. Kijana akileta vitisho, nendeni dawati la jinsia polisi au pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Usikutane naye peke yako, hata kwa kuagana.

Jumamosi asipokuona stendi atakasirika. Akasirike akiwa Magoma, wewe ukiwa Mlalo.