Nyua Mbili Siku ya Mbegu

Jumamosi, 2 Novemba
Nimeanika ngoma ya utemi. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi naitoa ndani, naigeuzageuza juani kama mihogo, isiliwe na wadudu. Mtu angedhani mtemi ana watu wa kumfanyia. Mtemi huyu ana kiuno kinachouma na madaftari ya Darasa la Pili ya kusahihisha kabla ya Jumatatu.

Mzee Lugwisha amepita. Ndiye mkubwa wa wazee walioniweka kitini. Hakukaa. Amesema Mayunga, mtoto wa shangazi Kabula, anatangaza kwamba mtemi halali ni yeye. Nimecheka. Mayunga anachomelea mageti Igoma. Mzee hakucheka.

Jumapili, 3 Novemba
Nimerudi Butimba, ninakofundisha. Kanisani sikusikia hata neno moja la mahubiri.

Wanasema Mayunga amejitengenezea kiti cha enzi. Cha chuma, kina vichwa viwili vya simba, vilevile anavyobandika kwenye mageti ya matajiri. Changu ni kigoda cha miguu mitatu, mmoja umeungwa. Nina hasira.

Jumatano, 6 Novemba
Mwalimu mkuu ananiita Malkia tangu niliposimikwa, miaka tisa sasa. Utani wake. Leo ameuliza kama ni kweli kuna mapinduzi. Ofisi nzima ya walimu ikacheka, nami nikacheka. Halafu nikaenda chooni nikalia kidogo, nikanawa uso, nikaingia darasani kufundisha kujumlisha.

Ijumaa, 8 Novemba
Sasa Mayunga amegusa Siku ya Mbegu.

Kabla ya kupanda, kila kaya humletea mtemi mbegu zake. Mtemi humimina zote kwenye kapu moja, huzichanganya kwa mikono yake, huziombea, kisha kila mtu hurudi na sehemu ya mchanganyiko ule. Shamba la kila mmoja linakuwa na mbegu ya kila mmoja. Nimepanga tarehe 16. Naye ametangaza tarehe hiyohiyo, kwenye ua wa marehemu mama yake, ng'ambo ya njia tu. Kutoka uani kwangu naona paa lake.

Siku hizi mtemi hahukumu kesi wala hatumi askari. Lililobaki ni kapu. Ua wangu ukiwa mtupu siku hiyo, mimi ni mwalimu wa Darasa la Pili, basi.

Jumamosi, 9 Novemba
Wazee wamekaa, nasi tumeitwa. Mayunga hakuja na kelele, alikuja na hoja. Hilo limeniudhi zaidi. Amesema zamani utemi ulikwenda kwa mtoto wa dada, si kwa mtoto wa mtemi mwenyewe kama mimi. Ni kweli, na kila mzee pale anajua ni kweli.

"Dada, mimi sikuchukii," ameniambia mbele yao. "Nataka cha mama."

Hawakuamua. Siku ya Mbegu watu waende wanakotaka, wao watatazama.

Jumanne, 12 Novemba
Hili sijalisema popote. Siku chache kabla hajafa, baba aliniambia: "Kiti hiki ni cha Kabula na watoto wake. Mimi nilikishika tu." Tulikuwa wawili chumbani. Nikampangusa mdomo, nikanyamaza. Wazee walipokuja kuuliza kama ameacha neno, nikasema hakuacha.

Nilikitaka. Nilikuwa mjane, watoto wameshakwenda zao, na nilitaka watu wasimame ninapoingia mahali. Mtu kama huyo anaitwa mwizi. Lakini kazi nimeifanya. Nimepatanisha majirani waliogombania mipaka, nimekesha misibani, nimeanika ngoma. Yote mawili ni kweli na hayasaidiani.

Jumamosi, 16 Novemba
Watu wametushinda ujanja. Mume alikwenda kwa Mayunga, mke akaja kwangu, mbegu wamegawana nusu kwa nusu. Hakuna aliyetaka kumkosea yeyote. Ilipofika saa nne ua wangu umejaa, wa kwake umejaa.

Nikatia mtama wangu kwenye kibuyu, nikavuka njia kwenda kwake. Labda nilitaka kumwaibisha. Sina hakika.

Alikuwa amekaa katikati ya simba wake, amevaa suti, jasho linamtiririka. Anapokea mbegu za mtu, anaziombea, anamrudishia zilezile. Mtu anazipokea na kubaki amesimama. Hakuna aliyeondoka. Ua mzima ulikuwa unasubiri, naye hakujua wanasubiri nini. Amekulia Igoma. Hajawahi kuona inavyofanywa.

Ningenyamaza, ningeshinda. Nilijua hivyo pale pale. Na kunyamaza ni kitu ninachokiweza sana.

Nikamwinamia. "Changanya, mdogo wangu. Zote pamoja."

Hakuwa na kapu. Nikaagiza langu, wanawake wawili wakalibeba likiwa limejaa, tukamimina za kwake juu ya zangu. Mikono minne ndani ya kapu moja. Ya kwake ina makovu ya cheche za kuchomelea, mpaka viwikoni. Sikuwahi kuitazama.

Watu walipokwisha kugawiwa, nikawaita wazee pembeni, Mayunga akiwepo. Nikawaambia maneno ya baba.

Jumapili, 17 Novemba
Mzee Lugwisha ameleta jibu.

Walijua. Baba aliwaambia wao kabla hajaniambia mimi. Mayunga wakati huo hakuwa akija hata misibani, wakaona mimi nitafaa kwa muda, na kwamba neno lile nitalisema mwenyewe. Wamenisubiri miaka tisa. Kila walipoinuka kunisalimia, walikuwa wanajua.

Aibu hii sina pa kuiweka.

Uamuzi: nakishika kiti mpaka Mayunga aijue kazi, kisha nampisha. Mwalimu wake ni mimi. Mayunga amekubali. Nami nimekubali.

Jumamosi, 7 Desemba
Mvua imenyesha siku nne, leo jua. Shambani kwangu mtama umechomoza, na mahindi, na choroko ambazo hazikuwa kwenye kibuyu changu. Sijui za nani.

Ngoma nimeitoa hadi mlangoni, nikamsubiri Mayunga aje tuibebe pamoja. Alichelewa. Alipoingia uani, nikasimama.