Kadi Mbili za Achieng Odhiambo

Kutoka kwenye daftari langu la miaka ya tisini, nikiwa mwaka wa pili wa diploma ya kompyuta hapa Kisumu. Nimeyanakili yote yalivyo, hata pale ninapojiaibisha.

Ijumaa, saa kumi na mbili jioni.

Mvua imenyesha mpaka ikachoka, na sasa hewa inatoka ziwani na ubaridi kidogo. Nimekaa juu ya mbao za kitanda kwa sababu godoro langu bado liko ukumbini, limelowa upande mmoja chini ya bati linalovuja. Siku nyingine ningekuwa nimeshagombana na mtu. Leo hata sina habari nalo.

Nimepata nafasi.

Wacha niiandike tena nione kama itabaki vilevile. Nimepata nafasi ya mazoezi ya kazini, miezi mitatu, katika hospitali ya misheni, na naanza Jumatatu. Imebaki vilevile. Namshukuru Mungu, maana nimeitafuta tangu Januari.

Shajara, wewe unajua nilikotoka. Bila ile miezi mitatu hakuna diploma, na kila mtu anajitafutia mahali pake. Niliandika barua kumi na moja kwa mkono, na mwandiko wangu mzuri wa Jumapili. Zilijibiwa mbili, zote mbili zikinitakia mema. Wenzangu wana wajomba maofisini. Mimi pia nina wajomba, lakini wote wako Asembo Bay na nyavu zao. Mwalimu wetu alikuwa ametuambia wazi kwamba asiyekuwa na nafasi kufikia leo jioni atangoja kundi la mwakani. Baba alikuwa ameanza kusema eti nikirudi nyumbani naweza kumsaidia shangazi kufundisha nasari. Nampenda shangazi. Lakini mwaka wa kungoja huzaa mwingine, nimewaona wengi.

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa kimeegemea leo, Siku ya Waajiri.

Tulianza asubuhi kwa kubeba kompyuta. Maabara yetu ni ndogo, tena huingii na viatu, kwa sababu fundi wa maabara anaamini vumbi la Kisumu lina chuki binafsi na mashine zake. Wageni hawawezi kuambiwa wavue viatu, basi zikachaguliwa kompyuta nne nzima zikapelekwa ukumbini kwa mkokoteni, zimelazwa juu ya magodoro na kufunikwa blanketi kama wagonjwa. La kwanza kuombwa lilikuwa langu. Fundi alitembea kando ya mkokoteni akiwa ameshika skrini kwa mikono miwili, na kila shimo barabarani alilipa jina baya.

Wageni wakaja: benki moja ya mjini, kiwanda cha minofu ya samaki, watu wa sukari, watu wa reli, na hospitali. Wanafunzi tulikuwa ishirini na sita, kila mmoja na programu yake kwenye diski, kila mmoja na dakika kumi za kuionyesha. Bwana wa benki alimuuliza Fred, mwenzangu wa dawati moja, kama anaweza kubuni mfumo wa tawi zima. Akanigeukia mimi akaniuliza kama najua kuchapa. Nilisema najua. Sikusema kwamba nusu ya programu ya Fred niliisahihisha mimi, na hilo linaniuma mpaka sasa.

Mimi nilikuwa nimeielekeza nguvu yangu yote kwa hospitali. Huko wagonjwa huja bila kadi. Kadi imelowa, imepotea, au mtoto ameitafuna, na namba ya kadi imeenda nayo. Basi mtu anakaa kwenye benchi nusu siku akingoja atafutwe ndani ya maboksi. Programu yangu ilikuwa ya kumaliza hilo benchi: unaandika majina mawili ya mgonjwa, la kwake na la baba yake, na kadi inatokea kwenye skrini. Msimamizi wa hospitali, Bwana Wekesa, alikuwa ameniruhusu kwenda Jumamosi mbili kunakili kadi sitini kwenye daftari, ili niwe na majina ya kweli ya kuonyesha.

Chumba cha kadi kinatawaliwa na Mama Perpetua. Yuko pale tangu sijaanza shule. Zile Jumamosi alinipa stuli na chai ya rangi, na maneno machache sana. Niliona ananiangalia. Nilidhani hapendi kompyuta, na kusema kweli nilimdharau kidogo. Nilijiambia, huyu mama anaogopa mashine itamtoa kazini. Sikujiuliza kama ana sababu ya kuogopa.

Leo alikuja pamoja na Bwana Wekesa, amevaa nguo yake ya kanisani, ameshika bahasha ya kaki.

Dakika zangu kumi zilianza vizuri. Nilitafuta watu watatu, wote wakatokea upesi, Bwana Wekesa akaanza kutikisa kichwa kwa kukubali. Wakati huo mvua ikaangukia mabati, ikabidi niongee kwa sauti ya mhubiri wa sokoni. Mama Perpetua akanisogelea sikioni, akaniomba nimtafutie Achieng Odhiambo.

Nikaandika. Akatokea. Mtoto wa miaka sita, amepata chanjo zote.

Mama Perpetua alisoma skrini polepole. Akasema Achieng Odhiambo anayemtafuta yeye ana wajukuu.

Nilielewa papo hapo. Niliijenga mimi ile programu. Ukiingiza jina ambalo tayari limo, inadhani unaisahihisha kadi ileile: inafuta ya kwanza na kuweka ya pili. Niliingiza kadi sitini na sikuwahi kuhesabu ngapi zimebaki. Na hapa petu, jameni! Mtoto akizaliwa jua likiwaka anaitwa Achieng. Akizaliwa usiku, Atieno. Jua linawaka kila siku na usiku unaingia kila siku. Akina Odhiambo nao wamejaa kutoka Dunga mpaka Port Victoria. Mimi mwenyewe ni Atieno, na darasani tuko watatu! Mfano wa kitabuni ulikuwa na watu wanne wenye majina manne tofauti, nami nikaunakili ulivyo kana kwamba nimezaliwa kwa waliokiandika.

Sasa ungamo. Ukumbi mzima ulikuwa unaomba stima isipotee kwa ile mvua. Mimi peke yangu niliomba ipotee.

Haikupotea.

Na kuna baya zaidi. Mkono wangu ulikuwa tayari umefika kwenye mlango wa diski. Ningeichomoa, ningeipuliza, ningesema imeingia vumbi. Tunasema hivyo kila wiki na hakuna anayebisha, maana hata fundi mwenyewe angeniunga mkono. Uongo ulikuwa mdomoni, umeshavaa viatu. Kilichonizuia si wema. Mama Perpetua alikuwa ametoa kadi mbili kwenye bahasha, akaziweka juu ya kibodi, moja kando ya nyingine. Achieng Odhiambo. Achieng Odhiambo. Kwenye pembe ya moja, kwa penseli, imeandikwa nyar Alego, yaani binti wa Alego, kama tunavyomwita mwanamke aliyeolewa kwa jina la huko kwao alikozaliwa. Kwenye pembe ya nyingine, kwa penseli hiyohiyo, imeandikwa wa kwa mwalimu.

Yale maandishi niliyaona zile Jumamosi. Yalikuwa kwenye kadi zote. Niliyaruka. Niliyachukulia kama michoro tu ya Mama Perpetua, mambo ya kijijini, si ya kuingizwa kwenye kompyuta. Mama yangu mzazi hajaitwa kwa jina lake tangu aolewe, anaitwa kwa jina la kwao, na mimi nikaona hiyo haifai kuwa kwenye skrini.

Nikaondoa mkono kwenye diski. Nikamwambia Bwana Wekesa kwamba nimekosea. Nikaeleza kosa lenyewe lilivyo, kwamba programu inafikiri majina yakifanana basi mtu ni mmoja, na kwamba huenda kuna wengine iliowameza. Nikahesabu palepale mbele yao. Kati ya kadi sitini zilikuwemo arobaini na tisa.

Halafu nikamuuliza Mama Perpetua anawatofautishaje watu wake, nikachukua kalamu nikaandika anachosema. Kwao wapi. Mama ya nani. Anakaa karibu na nini. Nilimwambia hivyo vitatu vinaweza kuingia, nipewe siku nne. Dakika zangu zikaisha, mwanafunzi mwingine akaingia na programu yake inayopiga muziki.

Kuanzia saa nane hadi saa kumi niliketi nyuma ya ukumbi nikijiandaa kuwa mwalimu wa nasari. Nilitunga hata barua ya kumpelekea Baba, sentensi mbili. Fred alikuja kuniambia amechukuliwa na kiwanda cha samaki. Nilimpongeza kwa moyo, kisha nikaenda msalani nikalia kwa dakika moja. Labda mbili.

Saa kumi orodha ilibandikwa mlangoni. Sikwenda. Nilianza kukunja blanketi za kompyuta ili niwe na kazi ya mikono. Mama Perpetua ndiye aliyenifuata, anatembea taratibu, ile bahasha kwapani. Akaniambia nisikunje blanketi na maji, zitanuka. Nikasema ndiyo, Mama. Akaniambia Bwana Wekesa alikuwa anamtaka yule kijana wa muziki, wakabishana, na yeye Perpetua hajabishana na Bwana Wekesa tangu kanisa lijengwe.

Nilimuuliza kwa nini alibisha. Nilikuwa sijaelewa bado.

"Leo nimeonyeshwa mashine na watoto watatu," alisema. "Wawili wameniambia haikosei. Sasa ikikosea na mimi siko, nani atajua? Wewe njoo Jumatatu saa mbili. Na uje na viatu vya kawaida, chumba changu watu wanaingia na viatu."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, kitu cha aibu, na yeye akaniacha nimalize. Kisha akafanya jambo ambalo ndilo limenifanya nikae kuandika kabla hata ya kwenda kulichukua godoro. Alitoa ile kadi ya nyar Alego akanipa niisome yote. Mtu mzima, presha, vidonge kila mwezi. Chini kabisa kuna mstari wa wino mwekundu. Niliunakili kwenye daftari langu Jumamosi ya kwanza, na nikauchapa kwenye kompyuta kwa vidole vyangu, bila kuufikiria. Unasema mgonjwa huyu asichomwe penisilini, alifura koo, nusura afe.

Huo ndio mstari nilioufuta. Programu yangu iliuondoa ikaweka chanjo za mtoto.

Mama Perpetua hakunihubiria. Alisema tu kwamba nyar Alego huja kila mwisho wa mwezi na huwa hana kadi, huisahau juu ya kabati. Akaichukua kadi, akairudisha kwenye bahasha, akaenda kumtafuta Bwana Wekesa wapande gari.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza jambo moja. Tuseme yeye hangekuja. Tuseme Bwana Wekesa angekuja peke yake, aone wale watatu wa kwanza, atikise kichwa, anipe nafasi palepale na watu wapige makofi. Ningekuwa nimekaa hapahapa kwenye mbao hizi, nafasi ni ileile, furaha ni ileile, nawaza nguo ya kuvaa Jumatatu. Na yule mama angekuja mwisho wa mwezi, akaketi kwenye benchi, muuguzi akaandika jina lake, akaona hakuna wino mwekundu.

Nimepumua leo mara mbili, na ile pumzi ya pili ndiyo kubwa. Nafasi ningeweza kuitafuta tena mwakani.

Kesho ni Jumamosi. Maabara inafunguliwa saa tatu na nitakuwa mlangoni saa mbili na nusu, nimevua viatu. Nitaanza na wale kumi na mmoja waliomezwa, na nitaanza na yeye. Sijawahi kumwona, sijui hata sura yake. Huenda yuko nyumbani kwake sasa hivi anasonga ugali, na hajui kwamba leo amekuwa hayumo.