Makongoro ya Mwalimu Peng

Jumatano, 6 Machi
Nimefungua mgahawa peke yangu. Afadhali kuliko kukodolea kuta. Chapati za mayai zimeungua. Mume wangu, Tien-shun, angezigeuza huku anaimba wimbo wake ule mmoja, sauti kama bati linaburutwa, na wateja wangemwomba anyamaze. Leo hakuna aliyeomba mtu anyamaze. Kimya kile! Nimelia juu ya sufuria ya maziwa ya soya, miungu inisamehe.

Kila anayeingia: ilikuwaje? Nasema: Jumamosi gari la Mwalimu Peng lilitumbukia kwenye mfereji wa maji, kule kwenye migomba. Mume wangu alikuwa anapita na pikipiki. Akashuka, akamvuta mzee kupitia dirishani. Mzee akatoka salama. Gari likateleza tena, likambana mume wangu kwenye ukingo wa zege, kuanzia kiunoni kwenda chini. Basi. Nimeyasema mpaka nimechoka kuyasikia.

Jumamosi, 9 Machi
Hospitali. Daktari anasema miguu — tusubiri. Kama atatembea, hajui.

Mama mkwe amekuja na sufuria ya makongoro ya nguruwe na tambi nyembamba, za kuondoa mkosi. Tien-shun akageuza uso. "Mama, hayo huletwa na aliyesababisha. Wewe umenisababishia nini zaidi ya kunizaa?"

Mama akaguna, akasema huo ndio mkosi wenyewe, na ulimpata yeye. Tukacheka, mimi na mama. Yeye hakucheka. Akaniuliza polepole kama Mwalimu amekuja. Nikasema bado.

"Atakuja," akasema. Akalala akiwa ameelekea mlangoni.

Alhamisi, 14 Machi
Badala ya Mwalimu, amekuja mtu wa bima yake! Bwana Liao. Viatu vinang'aa. Kaagiza chapati, hakuigusa. Pole sana, anasema, lakini kisheria mumeo alikwenda mwenyewe, hakuna aliyemwita. Uzembe wa Mwalimu, kama upo — kama upo! — ulimtumbukiza Mwalimu peke yake.

"Kwa hiyo angemwacha azame?"

"Dada, mimi sisemi hivyo."

"Sema basi unachosema!"

Akatazama chapati. Nikamuuliza Mwalimu mwenyewe yuko wapi. Ndipo likatoka: wamemkataza. Akija kuomba radhi, akija na makongoro, ni kama amekiri kosa. Na akikiri bila ruhusa yao wanaweza kujitoa, mzigo wote umwangukie yeye.

Kumbe! Mume wangu anautazama ule mlango kutwa nzima, na huyu ndiye aliyeufunga. Nimemfungia chapati yake kwenye karatasi, nikamwambia akale mbele ya safari.

Jumatatu, 18 Machi
Mto wake bado unanuka mafuta ya kukaangia. Siufui. Namtaka nyumbani. Na makelele yake. Na soksi zake chini ya meza.

Ijumaa, 22 Machi
Baraza la usuluhishi, ofisi ya mji. Mwenyekiti ni Bibi Tu, diwani wa zamani. Mwalimu Peng ng'ambo ya meza, amekonda. Alimfundisha Tien-shun hesabu darasa la tano! Hakunitazama hata mara moja.

Liao akaanza wimbo wake: kwa hiari yake, kwa hiari yake. Bibi Tu akamkata. "Mwanangu, mtu akijitumbukiza mferejini kwa uzembe, anategemea nani amtoe? Samaki?" Hata karani alicheka. Akasema aliyezua hatari anawajibika pia kwa anayeumia akimwokoa, hilo halimsumbui. Linalomsumbua ni kama kweli kulikuwa na uzembe. Liao anasema ni matope tu, mvua ilinyesha, gari la mtu yeyote lingeteleza. Aliyeona ni nani? Mume wangu alilikuta gari limeshatumbukia. Aliyebaki ni Mwalimu.

Akaulizwa. Mzee akafungua mdomo. Liao akamshika mkono wa shati. Mzee akaufunga mdomo wake.

Tumeahirishiwa hadi Ijumaa ijayo. Hospitalini Tien-shun akauliza Mwalimu kasema nini. Nikasema anaumwa koo. Ningemwambia nini?

Jumapili, 24 Machi
Tien-shun amekataa mazoezi ya miguu. Asimame aende wapi, anasema. Nimemsuta, nimembembeleza, nimemwimbia wimbo wake, vibaya kuliko yeye. Wapi! Kanipa mgongo. Anasema labda alikuwa mjinga kusimamisha pikipiki.

Yuko mbele yangu, na nina hamu naye kama mtu aliyesafiri. Sikujua kwamba hilo linawezekana.

Jumatano, 27 Machi
Kicheko! Nimekisikia nikiwa ngazini. Nimekimbia hadi nesi akanifokea.

Mwalimu Peng kasimama kando ya kitanda, sufuria mkononi, jasho linamtiririka. Mzee ni mjane, hajawahi kupika chochote zaidi ya chai. Makongoro yana manyoya. Na tambi — amezikata! Kwa mkasi, vipande vipande, eti zienee sufuriani. Tambi za maisha marefu, jamani! Nani huzikata?

Tien-shun kashika mbavu. "Mwalimu, umekuja kuniondolea mkosi au kunimalizia kabisa?"

Mzee akainama, akainama tena, samahani, samahani, marehemu mke wake ndiye aliyekuwa anajua haya mambo. Mimi nilitaka kumtoa nje na sufuria yake. Maneno yote niliyomtunzia! Lakini kicheko kile... Nikatafuta bakuli.

Kisha akasema, bila kuulizwa, macho sakafuni: ilikuwa simu. Alikuwa anatazama picha ya mjukuu. Barabara hakuiona kabisa. Tien-shun akauliza mjukuu ni wa kike au wa kiume. Wa kike. "Basi lete bakuli jingine," akasema, na akala vipande vyote, manyoya na vyote. Alipomaliza akataka aitwe yule kijana wa mazoezi.

Mlangoni nilimshika Mwalimu. Utayasema Ijumaa? Akanitazama, mara ya kwanza. Akasema ana nyumba ile tu, na bima wakijitoa itauzwa. Akaenda zake.

Ijumaa, 29 Machi
Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha baraza. Bibi Tu amenitoa kidogo, amebaki na Mwalimu na Liao. Mlango ni wa kioo. Sisikii kitu. Liao anaongea, mikono inapanda na kushuka. Mwalimu kainamisha kichwa. Sema, mzee. Sema!

Simu. Tien-shun! Amesimama asubuhi hii, ameshikilia vyuma, lakini amesimama. Akauliza swali lake lile lile, Mwalimu amekuja? Nikasema amekuja, yuko ndani. Akaanza kuimba. Sauti ya bati lile lile, wodi nzima inamzomea! Rudi nyumbani, mwanamume wewe. Rudi unipigie kelele.

Liao amemshika tena mkono wa shati. Mwalimu anautazama mkono wa Liao. Anautoa, taratibu, kidole kimoja kimoja. Anasimama. Ameniona kwenye kioo — ananiinamia, chini kabisa, mpaka naona upara wake. Liao anakusanya karatasi zake. Bibi Tu amefungua mlango, anasema niingie, Mwalimu anataka niwepo akisema —