Pima Moja ya Kamba Nyeusi

Baba Akoth wangu,

Jana nimefungua sanduku lako la vifaa, lile la bati ambalo ulipokuwa hai hata vumbi lake hukutaka liguswe. Akoth alikuwa anatafuta koleo. Nikakaa chini nikacheka mpaka mjukuu wako akaja kuuliza nyanya ana nini. Nilichokikuta nitakuambia, lakini subiri kwanza. Wewe ndiye uliyenizoesha kusubiri.

Unakumbuka ile Jumamosi tukiishi Mbotela, Nairobi? Ndugu yako Ouma alikuwa amepata mashua yake ya kwanza ya uvuvi huko ziwani, nawe, fundi wa umeme wa malori, ukamwahidi taa ya betri ili aachane na karabai ya mafuta. Habari zikazagaa kwenu kote kabla hujakata hata waya. Ulitoka kazini saa saba, hukuonja chakula, ukachora mashua kwa chaki uani. Watoto wa majirani wakaingia ndani yake wakipiga makasia kwa mifagio. Betri ukaiweka nyuma, swichi ukaitia katika mkebe wa majani ya chai uliozungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na mbele ukaweka taa ya gari bovu. Ilipowaka mchana kweupe, Mama Wanjiru wa mlango wa pili akapiga vigelegele kama tuna harusi. Nilikupenda sana siku hiyo, hata na ile grisi shavuni.

Sasa nikwambie nilichofanya asubuhi ya siku hiyohiyo, ukiwa kazini. Nilikuwa nimemnunulia mama mkwe jogoo, na jogoo huyo akawa anarukaruka juu ya kitanda. Kwenye msumari nyuma ya mlango palikuwa na kamba nyeusi inayonuka samaki. Ouma alikuwa ameifungia gunia la samaki wakavu alilotutumia kwa basi, nami nikadhani kazi yake imeisha. Nikakata pima moja, urefu wa mikono yangu miwili iliyonyooshwa, nikamfunga jogoo mguu. Hukuwa umeniambia kwamba ndugu yako ameikata kamba ile sawasawa na urefu wa mashua yake, nawe utapimia waya.

Jioni tukapanda basi sisi watatu, Akoth mgongoni, na jogoo wa nne.

Ufuoni ukaunga betri, ukavuta waya kwenda mbele, na waya ukaisha. Ukabaki umesimama na taa mkononi, pima nzima kabla ya kufika. Wanaume wakacheka fundi wa Nairobi. Ouma akaapa kamba yake ilikuwa sawa. Ukageuka ukanitazama pale niliposimama na jogoo.

"Nimekosea kupima mimi," ukasema.

Nilijua hapohapo kosa ni la nani. Nilikuwa na mwaka wa pili tu katika ukoo wenu, nikaogopa kicheko kile kisinigeukie. Nikamsogeza jogoo nyuma yangu.

Kuunganisha waya ulikataa katakata, ukasema penye kiungo maji yataingia. Ukasimamisha kijiti palepale waya ulipokomea, ukafunga taa. Kumbe ndipo ilipotakiwa! Usiku huo ilimulika nyavu na mikono ya wavuvi, na Ouma akarudi na samaki na maringo. Kabla hatujaondoka, wenye mashua mbili wakakuomba uwafungie zao vilevile. Ukaitikia kwa kiburi, kana kwamba ulikuwa umepanga.

Miaka yote hiyo sikuwahi kukiri. Na kila nilipoleta kuku nyumbani, wewe uliuliza swali lilelile bila kuinua macho: "Mama Akoth, kamba umetoa wapi?" Nilidhani ni mazoea yako tu.

Jana, chini ya koleo, nimekuta kipande cha kamba nyeusi kimekunjwa vizuri, na kile kitanzi cha mguu wa jogoo bado kipo. Nimekipima kwa mikono yangu. Pima moja.

Ulijua, wewe mtu. Siku ileile ulijua, ukabeba kicheko cha ufuo mzima kwa ajili yangu, na hukunidai hata neno.

Koleo nimempa Akoth. Kamba nimeitundika msumarini nyuma ya mlango, na hapewi mtu.

Lala vizuri, fundi wangu.

Ni mimi mkeo, niliyeikata,
Mama Akoth